Kuchemsha maji hakuondoi dawa ya pamba

Mwezi wa pili mwaka huu nilikwenda Misungwi kumjulia hali shangazi yangu, na jioni ile ile nikaongozana na wajukuu wake kwenda kuteka maji. Kisima chao ni cha kienyeji. Kimechimbwa katika bonde dogo lililo kati ya mashamba mawili ya pamba, kimezungushiwa minyaa ili ng'ombe wasikikanyage, na maji yake hutekwa kwa dumu la lita 5 lililokatwa mdomo na kufungwa kamba. Kabla sijalitumbukiza nililigeuza, kwa mazoea tu ya mtu aliyekaa mjini muda mrefu, nikaona karibu na kitako chake kipande cha karatasi kilichogoma kubanduka, chenye mkanda wa rangi ya bluu na maandishi yaliyofifia. Lilikuwa dumu la dawa ya kuulia magugu. Mkubwa wa watoto alinieleza kwa heshima kwamba lilinunuliwa mnadani likiwa tupu, kwamba lilioshwa kwa sabuni na mchanga, na kwamba, isitoshe, maji yao huchemshwa.

Jibu hilo la mwisho ndilo lililonikaa kichwani njia nzima ya kurudi Mwanza, kwa sababu ni jibu ambalo hata mimi ningelitoa. Tangu shule ya msingi tumefundishwa kwamba maji salama ni yale yaliyochemshwa, yakachujwa kwa kitambaa safi na kuwekwa katika chombo chenye mfuniko, na mafundisho hayo yameokoa watu wengi katika kanda ambayo kipindupindu na homa ya matumbo si hadithi za kale. Lakini yote yalilenga viumbe hai. Kimelea hufa kwa moto; kiuatilifu, yaani dawa ya kuulia wadudu au magugu, hakina uhai wa kukatishwa. Sehemu kubwa ya kemikali tunazopulizia mashambani haziharibiki kwa joto la maji yanayochemka, ambalo kwa mwinuko wetu wa zaidi ya mita 1,100 kutoka usawa wa bahari halifiki hata nyuzi 100, na kinachotoka sufuriani ni mvuke wa maji, kwa hiyo anayeyaacha maji yachemke kwa muda mrefu anaweza kujikuta na maji machache zaidi yenye kemikali ile ile.

Vidonge vya klorini navyo haviponyi tatizo hili. Kwa baadhi ya viuatilifu vya kundi la organofosfeti, klorini hufanya jambo linaloshangaza: klorpairifosi, ambayo wakulima wengi wanaifahamu, ikikutana na klorini inaweza kugeuka kuwa umbo lingine linalodhuru mishipa ya fahamu kwa nguvu kuliko lile la mwanzo. Simaanishi kwamba watu waache klorini, maana kuharisha huua mtoto kwa siku chache ilhali madhara ninayoyaeleza hapa mara nyingi huchukua miaka. Ninachosema ni kwamba kidonge kile hakikutengenezwa kwa kazi hii, na anayekitumia kwa kazi hii anajidanganya. Shabu na mbegu za mlonge hutuliza tope, na kwa kuwa baadhi ya dawa hung'ang'ania tope, kiasi fulani huzama nalo, lakini dawa iliyoyeyuka hubaki ndani ya maji yanayong'aa. Kinachoweza kunasa kemikali hizi kwa uhakika ni mkaa maalumu unaotengenezwa kiwandani kwa kazi hiyo, ambao nao hujaa na huhitaji kubadilishwa kwa wakati. Mkaa wa kupikia uliopondwapondwa ndani ya ndoo hauna kipimo chochote kinachojulikana, hata kama mafunzo yake yanasambaa sana kwenye simu zetu.

Anayeijua Usukuma hahitaji kuelezwa dawa hizi zinatoka wapi. Pamba hupandwa kuanzia katikati ya mwezi wa kumi na moja hadi mwezi wa kumi na mbili, na ikianza kutoa vitumba na maua ndipo funza, vidukari na wenzao wanapofika, kwa hiyo mabomba ya mgongoni hufanya kazi zaidi katika miezi ambayo mvua nazo zinanyesha. Udongo wa mbuga ukikauka hupasuka nyufa ambazo mguu wa mtoto unaweza kuzama, na mvua za kwanza hupita katika nyufa hizo zikiwa na chochote kilichokuwa juu. Ukishalowa hujifunga kama sahani, na maji yote yanayofuata hutiririka juu yake kuelekea bondeni. Na bondeni ndiko kisima kilipo, kwa sababu hakuna mtu anayechimba kisima kilimani.

Dawa zenyewe hazifanani tabia. Zile za zamani, DDT na ndugu zake, haziyeyuki vizuri katika maji lakini hushikamana na udongo na mafuta ya mwili, na huweza kukaa ardhini miaka mingi zikigeuka polepole kuwa kemikali nyingine zinazodumu vilevile. Endosalfani, ambayo wakulima wa pamba wa umri wa baba yangu waliijua kwa jina la dukani la Thiodan, iliingizwa mwaka 2011 katika orodha ya kemikali za kuondolewa ya Mkataba wa Stockholm, ule wa kimataifa kuhusu kemikali za sumu zinazodumu. Tanzania iliuridhia mkataba huo mwaka 2004. Baada ya dawa hizo za zamani tukahamia kwenye dawa za kundi la pairethroidi, ambazo hushika tope haraka na ni hatari mno kwa samaki na wadudu wa majini, ingawa kwa binadamu madhara yake ni madogo kwa kulinganisha, pamoja na organofosfeti ambazo huvunjika mapema zaidi lakini hupiga mishipa ya fahamu moja kwa moja. Kisha kuna dawa za magugu, na hizi ndizo ninazoziona zikiongezeka kila nikirudi nyumbani, kwa sababu kibarua wa jembe amekuwa ghali na dumu moja la dawa linamaliza ekari kadhaa kwa siku. Atrazini ya kwenye mahindi ina sifa moja mbaya kwa mtu wa kisima: hupenda kusafiri na maji, yakiwemo yanayozama chini.

Tusiyasahau majosho, ambamo ng'ombe huogeshwa kwa dawa ya kupe. Mtu akimwaga maji ya josho baada ya msimu huyamwaga mahali penye mteremko, na mteremko huishia mtoni.

Watu wa mjini wakisikia habari hizi huniuliza kwanza kuhusu ziwa. Ziwa Victoria lina eneo la takriban kilomita za mraba 68,800 na kina cha wastani cha mita 40 hivi, kwa hiyo kinachoingia kwa Mto Simiyu au Mto Mara huchanganyika na maji mengi kupita kiasi. Hilo ni jambo jema, lakini si jema lote. Takriban asilimia 80 ya maji yanayoingia ziwani ni mvua inayonyesha juu ya ziwa lenyewe, na sehemu kubwa ya maji yake huondoka kwa kugeuka mvuke, siyo kwa kutoka na Mto Nile kule Jinja. Mvuke huondoka peke yake, na vile visivyopaa pamoja nao hubaki ziwani. Tena maji ya ghuba, penye matete na bustani za nyanya na kabichi zinazomwagiliwa kwa pampu hadi ukingoni kabisa, si sawa na maji ya katikati, na anayechota mwaloni asubuhi anachota ya ghuba.

Mwaka 1999 Umoja wa Ulaya ulisimamisha ununuzi wa samaki wa Ziwa Victoria baada ya taarifa kuenea kwamba baadhi ya wavuvi walikuwa wakimwaga viuatilifu majini ili kuua samaki kwa wingi. Mjadala wa wakati ule ulihusu minofu, bei na ajira, na ni kweli kwamba watu wengi wa huku waliumia kwa kukosa soko. Lakini mpaka leo nikikumbuka huwa najiuliza kwa nini swali la sahani ya Mzungu lilitangulia swali la ndoo ya mama anayechota maji pale pale sumu ilipomwagwa. Labda ni kwa sababu sangara alikuwa na mnunuzi na ndoo haina.

Maji ya bomba yanayotoka ziwani pale Capripoint, Mwanza, pamoja na yale yanayochukuliwa Ihelele na kusafirishwa hadi Shinyanga na Kahama, na baadaye Tabora, Nzega na Igunga, hupitia mitambo ya kusafishia. Kwa kawaida mitambo ya namna hii hutuliza tope, huchuja kwa mchanga na hutia klorini, yaani inapigana na uchafu na vimelea, na haikuundwa hasa kwa ajili ya kuondoa dawa iliyoyeyuka. Hata hivyo, kama ningeulizwa nani yuko hatarini zaidi kati ya mkazi wa Nyegezi anayefungua bomba na mjukuu wa shangazi yangu, nisingesita: ni yule wa kisima. Ukubwa wa ziwa unamlinda mkazi wa mjini kwa kiasi ambacho kisima chenye upana wa hatua mbili hakiwezi.

Hesabu ya kisima inatisha kwa urahisi wake. Kisima chenye upana wa mita moja na nusu na maji ya kina cha mita tatu hivi kina takriban lita 5,000. Chupa ya klorpairifosi ya kawaida huandikwa gramu 480 kwa lita, kwa hiyo mililita moja tu, yaani yale matone yanayobaki katika chupa ambayo kila mtu angeiita tupu, ina miligramu 480. Ikiingia yote kisimani, kwa hesabu ya karatasi kila lita inapata maikrogramu 96 (maikrogramu 1,000 ni miligramu moja), ilhali kiwango cha Shirika la Afya Duniani kwa dawa hiyo katika maji ya kunywa ni maikrogramu 30 kwa lita. Kwa DDT kiwango ni 1, na kwa aldrini na dieldrini, ambazo ni ndugu zake wa zamani, ni 0.03. Umoja wa Ulaya hautofautishi sana: umeweka maikrogramu 0.1 kwa kiuatilifu kimoja na 0.5 kwa vyote kwa pamoja, si kwa sababu 0.11 ingemlaza mtu hospitali, bali kwa sababu waliamua kwamba maji ya kunywa si mahali pa dawa ya shamba hata kidogo. Klorpairifosi yenyewe imeingizwa katika orodha ya Mkataba wa Stockholm mwaka 2025, pamoja na misamaha kadhaa, kwa hiyo chupa zake hazitatoweka madukani wala kwenye mapaa ya nyumba kesho.

Shangazi alinisikiliza nikieleza haya hadi mwisho, akiwa anachambua mchele, kisha akauliza swali ambalo ni zito kuliko hesabu zangu zote: "Sasa mwanangu, mbona sisi tumeyanywa maji haya tangu tukiwa wasichana na hatukufa?"

Nilimjibu kwa kumkumbusha jambo analolijua. Nikiwa darasa la sita nilipulizia pamba ya baba kwa siku nzima, miguu peku, shati likiwa limelowa mgongoni kwa bomba lililovuja. Usiku nilitapika, nikatokwa jasho na mate, na nikawa naiona taa ya chemli kama imewekwa mbali sana, kwa kuwa mboni za macho yangu zilikuwa zimesinyaa kama ncha ya sindano. Zahanati niliyopelekwa walinitibu malaria. Leo najua kwamba organofosfeti huzuia kimeng'enya ambacho kazi yake ni kuzima ujumbe wa mishipa ya fahamu baada ya ujumbe huo kufika, na kimeng'enya kikizuiwa mwili mzima hubaki kama taa isiyozimika: mate, machozi, jasho, kuharisha, misuli kutetemeka, na mwisho pumzi kushindwa. Dawa yake hospitalini ni atropini, siyo dawa ya malaria. Mtu yeyote anayeumwa ghafla kwa namna hiyo wakati wa kupulizia anapaswa kumwambia mhudumu wa afya ameshika dawa gani, na ikiwezekana aende na lebo.

Lakini ile ilikuwa sumu iliyoingia mwilini kwa ngozi na pumzi, kwa kiasi kikubwa, na mwili ulipiga kelele. Masalia ya kwenye maji hayapigi kelele. Mtu hunywa kidogo leo na kidogo kesho, na hakuna siku moja ambayo anaweza kuinyooshea kidole. Watafiti waliofuatilia familia za vibarua wa mashambani katika bonde la Salinas, California, waliona kwamba watoto ambao mama zao walikuwa na alama nyingi zaidi za organofosfeti mwilini wakati wa ujauzito walikuwa na wastani wa chini katika vipimo vya akili walipofika umri wa shule. Hao hawakupata dawa kwa maji peke yake, na utafiti wa namna hiyo huonyesha uhusiano kuliko kuthibitisha chanzo. Lakini unatosha kunifanya nimwonee wasiwasi mjamzito anayekunywa kutoka kisima cha shambani. Mwaka 2015 wakala wa utafiti wa saratani wa Shirika la Afya Duniani uliiweka lindani, dawa ya wadudu ya zamani, katika kundi la visababishi vya saratani kwa binadamu, na DDT, malathioni, diazinoni na glaifoseti katika kundi la vile vinavyoelekea kuisababisha. Mtoto mdogo yuko pabaya zaidi kwa sababu, ukilinganisha na uzito wake, hunywa maji mengi kuliko mtu mzima, na viungo vyake bado vinajengwa. Dawa za kundi la DDT huhifadhiwa katika mafuta ya mwili na hupita hata katika maziwa ya mama. Nalisema hili pamoja na tahadhari kwamba madaktari bado wanashauri mama anyonyeshe, kwa kuwa faida ya maziwa yale ni kubwa kuliko hatari hiyo.

Ule mkanda wa bluu nao unahitaji maneno yake. Rangi za lebo, yaani nyekundu, njano, bluu na kijani, hueleza jinsi dawa inavyoweza kumdhuru mtu papo hapo akiimeza au ikimgusa. Hazielezi kinachotokea kwa mtu anayekunywa masalia yake miaka kumi. Nimesikia kwa masikio yangu mwuzaji wa pembejeo akimwambia mteja kwamba yenye kijani "haina shida, hata ukinawia", na sidhani kama alikuwa na nia mbaya. Hakuna aliyemweleza kwamba rangi ile inajibu swali moja tu. Vivyo hivyo, cheti cha kupima maji ya kisima mara nyingi hueleza vimelea, tope, chumvi na floridi. Kupima viuatilifu huhitaji mashine ghali na kemia aliyefunzwa, kwa hiyo lazima mtu aombe kipimo hicho kwa jina lake, na asidhani kwamba neno "salama" katika karatasi limekigusa.

Kwa sababu hiyo yote, kazi iko kabla ya maji kufika ndooni. Nilikaa na mume wa shangazi chini ya mwembe tukapanga mambo ambayo hayana gharama kubwa. Bomba la kupulizia lisiende kisimani. Maji ndiyo yaende shambani kwa ndoo, na kuchanganya kufanyike huko huko. Chupa ikiisha isuuzwe mara tatu pale pale, na maji ya kusuuzia yamiminwe ndani ya bomba yapuliziwe kwenye pamba, maana ile ni dawa aliyoinunua kwa fedha yake, kisha chupa itobolewe isije ikarudi nyumbani kuwekewa mafuta ya taa au pombe. Asipulizie wingu likiwa limejikusanya upande wa ziwa. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inataka shughuli za kibinadamu za kudumu, au zinazoweza kudhuru kingo za ziwa na mito, zisifanyike ndani ya mita 60 kutoka kingo hizo. Kisima chake hakitajwi hapo, na shamba lake halina mita 60 za kuacha, lakini alikubali kuacha mistari kadhaa ya juu ya kisima iote nyasi ndefu, na kukijengea kisima ukingo wa mawe ili maji ya mvua yazunguke badala ya kuingia. Mawe, kwa bahati, si kitu cha kununua huku kwetu.

Maji ya mvua ya kwenye bati yangekuwa bora kwa kunywa, mradi mvua ya kwanza iachwe imwagike na jirani asiwe anapulizia kandokando ya nyumba. Tangi ndilo lililokwamisha mazungumzo, kwa kuwa bei yake ni ya magunia kadhaa ya mpunga, na sikuwa na jibu la kumpa zaidi ya kusema kwamba tutachanga kidogo kidogo.

Jambo gumu kuliko yote lilikuwa lile dumu. Nilinunua ndoo mpya yenye mpini wa chuma pale senta, nikaifunga kamba, na shangazi akaipokea kwa shukrani nyingi, kisha akalichukua dumu la zamani na kuliweka juu ya kichanja cha jikoni kwa sababu bado ni zima. Juzi nilimpigia simu. Aliniambia kwamba ndoo inafanya kazi vizuri ila huchelewa kuzama kuliko dumu, na kwamba mumewe amelitoboa dumu bila kumwuliza, jambo ambalo hajalisamehe. Ukingo wa mawe umefika usawa wa goti upande wa juu; upande wa chini bado.